Lita 20 za mafuta ya kupikia ni kilo ngapi?

Jibu fupi kwa wenye haraka: kilo 18 na gramu 200 hivi, ukiacha uzito wa mtungi wenyewe. Ukienda upande wa pili, kilo moja ya mafuta ni lita moja na mililita 100 hivi. Zidisha lita kwa 0.91 upate kilo, gawanya kilo kwa 0.91 upate lita. Kama ulikuja ukitafuta hilo tu, umemaliza, karibu tena siku nyingine.

Mnaobaki vuteni kiti. Leo siandiki juu ya simu mpya wala lugha mpya ya programu. Naandika juu ya hiyo 0.09 inayobaki, ambayo ilikaribia kumfukuzisha kazi kijana mmoja hapa Kakamega. Na juu ya lahajedwali la safu sita ambalo lilimwita mtu mwizi bila yeyote aliyelitengeneza kukusudia hivyo.

Duka ni la senje wangu. (Kwa wasio wa huku magharibi: senje ni shangazi, dada ya baba, na ukishasema senje umeshasema pia kwamba huyo mtu habishiwi.) Liko karibu na soko la mjini. Anauza unga, sukari, sabuni na vingine, lakini kinachoendesha duka ni mafuta ya kupikia, yale tunayoyaita saladi. Wateja wakubwa ni kina mama wa maandazi na chapati, na vijana wa chipsi wa upande wa Lurambi na chuo kikuu cha Masinde Muliro, ambako mwanafunzi akikosa chipsi siku mbili huona dunia imeisha. Hao huchukua mtungi mzima wa lita 20. Wengine, ndio wengi, hununua ya kupima: robo lita, nusu lita, au ya shilingi 20 kutoka kwa ile mashine wanayoiita ATM ya saladi.

Mafuta yanaingia dukani kwa lita, kwa sababu mtungi umeandikwa lita 20. Yanatoka kwa lita vilevile. Lakini mwisho wa mwezi, wakati wa kuhesabu yaliyobaki, hakuna mwenye subira ya kumimina mitungi iliyofunguliwa kwenye kikombe cha kupimia. Wanaweka mitungi juu ya ile mizani ya kupimia magunia, wanatoa uzito wa mitungi mitupu, wanaandika namba. Mizani inasema kilo. Safu kwenye lahajedwali inaitwa "Kiasi", basi. Kiasi cha nini, kwa kipimo gani, haisemi. Na kila mwezi mpya unaanza na namba iliyohesabiwa mwisho wa mwezi uliopita.

Tazama sasa miezi mitatu ilivyokwenda. Nimezinyoosha tarakimu kidogo zisomeke. Za kweli zilikuwa na vipunje vya kumwagika huku na kule, ila sura yake ni hiihii.

Januari: walianza na sifuri, yakaingia 600, yakauzwa 360. Kitabu kinasema yamebaki 240. Mizani inasema 218.4. Upungufu 21.6.

Februari: walianza na 218.4, yakaingia 300, yakauzwa 480. Kitabu kinasema 38.4. Mizani inasema 54.6. Ziada 16.2.

Machi: walianza na 54.6, yakaingia 800, yakauzwa 460. Kitabu kinasema 394.6. Mizani inasema 364. Upungufu 30.6.

Tuseme lita moja ni shilingi 250. Upungufu wa Januari ni shilingi 5,400, na kijana wa duka alikatwa mshahara kwa mafungu mawili. Februari mafuta yalipozidi, senje alikuwa na maelezo tayari: kijana ameogopa, amerudisha usiku. Machi, shilingi 7,650 zilipopotea, maelezo yalikuwa rahisi zaidi. Tabia imerudi.

Kijana mwenyewe hakuwa na la kusema. Utasema nini? Kompyuta imesema. Alikuwa ameanza kufunga kifuniko cha kila mtungi kwa utepe na kuandika tarehe juu yake, jambo ambalo senje alilihesabu kama dalili ya dhamira mbaya.

Mimi sikuitwa kuangalia hesabu. Niliitwa kufunga kamera.

"Mwana wa ndugu yangu, wewe si ni mtu wa kompyuta? Nataka kamera juu ya mafuta."

"Sawa, Senje. Lakini kwanza nione kitabu."

"Kitabu cha nini? Mwizi haandikwi kitabuni."

Nilikiona hata hivyo, kwa sababu nilikuwa nasubiri chai. Na nawaambia wenzangu mnaojifunza kazi hii: kabla hujasoma kanuni hata moja kwenye lahajedwali, soma kwanza sura ya kosa. Kosa lina tabia zake kama mtu. Wizi wa dukani hufuata mauzo: siku za wateja wengi, pilikapilika nyingi, ndipo mkono hupita. Hapa mwezi uliouza zaidi ya yote ni Februari, na huo ndio mafuta yalizidi! Mwizi gani huyu anayerudisha mali wakati duka limejaa watu?

Halafu nikatazama akiba badala ya mauzo. Januari akiba iliongezeka kwa 240, upungufu 21.6. Februari ilishuka kwa 180, ziada 16.2. Machi ilipanda kwa 340, upungufu 30.6. Gawanya kila moja kwa mwenzake. Unapata 0.09, tena 0.09, tena 0.09. Wizi wa binadamu hauna desimali safi namna hiyo. Duka likijaza akiba, "mwizi" anaiba asilimia 9 ya kilichoongezeka. Likipunguza akiba, anarudisha asilimia 9 ya kilichopungua. Huyo si mtu. Ni kipimo.

Ni rahisi kumcheka aliyelitengeneza lile lahajedwali, lakini mimi simcheki sana. Shule ya msingi sote tuliimba kwamba lita moja ni kilo moja. Ni kweli, kwa maji. Wafaransa walipoweka vipimo hivi mwaka 1795 waliitoa gramu kwenye maji yenyewe, sentimita moja ya ujazo. Kwa maziwa pia uongo huo unapita bila kelele, maana lita ya maziwa ni kama kilo 1.03. Na mtungi wa mafuta una ujanja wake: mafuta kilo 18.2, plastiki kama kilo moja, jumla ni 19 na kitu. Ukiuona mshale wa mizani uko karibu na 20, jicho linasema "sawasawa" na mkono unaandika. Kosa kubwa mtu angeliona siku ya kwanza. Hili la asilimia 9 lina ukubwa hasa wa kufanana na wizi wa kibinadamu.

Senje hakukubali kanuni. Nilimwandikia kwenye karatasi, akaitazama kama anayetazama risiti ya mtu mwingine. Basi nikachukua kile kikombe cha chuma cha nusu lita, chenye muhuri wa wakaguzi wa mizani na vipimo, nikakiweka juu ya mizani ndogo ya sukari, nikarudisha sifuri, nikajaza maji. Gramu 500. Nikamwaga, nikakausha, nikajaza saladi. Gramu 455. Kikombe kilekile, mizani ileile.

"Sasa hizo 45 zimeenda wapi?" akauliza.

"Hazikuwepo, Senje. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Ukipika mchuzi, mafuta hukaa juu au chini?"

Akanyamaza kidogo. Miaka 40 anapika mchuzi. Akasema, "Juu." Halafu akaita jina la kijana, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitumika dukani humo.

Haya, turudi kwenye ufundi, maana wengine mmekuja kwa hilo. Hiyo 0.91 inatoka wapi? Inaitwa densiti, yaani lita moja ina uzito gani. Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vina waraka wa mafuta ya mimea wa tangu 1999, na humo alizeti ni 0.918 hadi 0.923, mahindi 0.917 hadi 0.925, soya 0.919 hadi 0.925, yote yakipimwa kwenye nyuzi 20. Olini ya mawese, ile sehemu laini ya mawese ambayo ndiyo saladi nyingi ya madukani kwetu, imeandikwa 0.899 hadi 0.920, lakini kwenye nyuzi 40, kwa sababu mawese yakipoa huanza kuganda. Asubuhi za baridi Kakamega utaona ukungu mweupe chini ya mtungi. Si mafuta mabovu, wala hayajachanganywa na kitu. Yaweke juani yatasafika. Kwa joto letu la kawaida 0.91 inatosha kwa saladi ya mawese. Kwa alizeti tumia 0.92.

Joto nalo lina neno lake. Mafuta hutanuka kama asilimia 0.07 kwa kila nyuzi moja. Lita 20 za asubuhi, nyuzi 18, zikifika nyuzi 30 za saa nane chini ya mabati huwa zimeongezeka kama mililita 170. Ni chini ya glasi moja. Kwa duka la senje hiyo ni kelele tu, funeli inakunywa zaidi ya hapo kwa wiki. Lakini kwa tangi la tani 1,000 pale Mombasa, tofauti hiyohiyo ya joto ni ujazo wa karibu tani 9, na hapo watu wataitana mahakamani. Ndiyo maana mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia kwa meli hununuliwa kwa tani. Kilo haijali jua. Yakifika kiwandani, sehemu inayoganda inatiwa mkebeni na kuuzwa kwa kilo, sehemu inayotiririka inatiwa chupani na kuuzwa kwa lita. Kwa hiyo ukisimama mbele ya rafu, Kimbo ya kilo moja na saladi ya lita moja zikiwa bei moja, ile ya kilo inakupa mafuta zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Wangapi wanajua?

Na sisi huku ni mabingwa wa kuvuka mpaka huu bila pasipoti. Chukua gorogoro. Ni mkebe uliozaliwa ukiwa na mafuta ya kupikia ya kilo 2, yaani ujazo wa lita 2.2 hivi. Mafuta yakaisha, mkebe ukabaki, ukaenda sokoni kupima mahindi, na jina la "kilo mbili" likaufuata. Lakini mahindi makavu yana hewa katikati ya punje: ukisawazisha juu kwa kijiti hayafiki kilo 2. Ndiyo maana muuzaji mwema huweka kilima, na mnunuzi hutazama kilima hicho kuliko anavyomtazama muuzaji. Mkebe umebeba uzito wa kitu kimoja kwenda kuwa ujazo wa kingine.

Anayedhani haya ni mambo ya sokoni tu, akumbuke ndege ya Air Canada ya tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 mpya kabisa, ikitoka Montreal kwenda Edmonton. Geji za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi, kwa hiyo walipima matangi kwa kijiti: lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ili kugeuza lita kuwa kilo wakazidisha kwa 1.77, namba waliyoizoea. Ilikuwa namba ya ratili kwa lita! Ya kilo ni kama 0.8. Ndege ikapaa na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji, na yakaisha ikiwa futi 41,000 juu. Rubani Robert Pearson aliishusha bila injini kama kishada kilichokatika uzi, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, na watu wote 69 wakatoka hai. Namba ile 1.77 ilikuwa sahihi kabisa. Haikuwa imeandikwa tu ni ya nini.

Basi nilimwandikia senje programu ndogo. Sitaiweka yote hapa, ina mambo ya bei na madeni ya watu. Ila uamuzi wa msingi ni huu: ndani ya programu mafuta yote huhifadhiwa kwa uzito, na lita huonekana mlangoni tu, wakati wa kuingia na kutoka. Hakuna safu inayoitwa "Kiasi". Ipo "mililita_zilizosomwa", ipo "gramu_zilizosomwa", na anayeandika analazimika kuchagua moja.

Mstari mmoja nitawaonyesha:

miligramu = mililita * 910

Kwa nini miligramu? Kwa sababu robo lita ni gramu 227.5, na mimi sitaki desimali kwenye akiba kama ambavyo sizitaki kwenye pesa. Ukikata ile nusu gramu kila mara, robo lita 1,000 zitakula nusu kilo, na tutarudi palepale pa kumtafuta mwizi. Kwa miligramu kila kitu ni namba kamili. Ila angalieni: namba ya biti 32 huishia 2,147,483,647, yaani kilo 2,147 na ushei. Mtungi wa 118 ungeifurikisha, na akiba ya duka ingegeuka kuwa hasi usiku mmoja. Tumieni biti 64. Sitaki hata kufikiria maelezo ambayo senje angekuwa nayo siku hiyo.

ATM ya saladi tuliipima upya kwa njia hiyohiyo. Ndani yake mna pampu ndogo inayohesabiwa muda, na mafuta mazito ya asubuhi hutoka polepole kuliko ya mchana. Unaiambia itoe lita moja kwenye chombo kilicho juu ya mizani. Ikitoa gramu 910, sawa. Tuliipima saa moja asubuhi na tena saa nane mchana, na majibu hayakufanana; tukaihamisha kutoka mlangoni, penye upepo wa asubuhi, ikakaa ndani karibu na unga. Tofauti ikapungua sana. Marekebisho mengine ya programu ni kusogeza meza.

Kamera haikufungwa. Upungufu wa Aprili, ukipimwa kilo kwa kilo, ulikuwa chini ya lita moja na nusu, na kijana akaonyesha ulikokwenda: mtungi mmoja ulikuwa na ufa chini ya mkono. Zile 5,400 alirudishiwa zote kwa mara moja. Senje hakuomba msamaha, masenje hawaombi. Alimwalika nyumbani Jumapili, ugali na ingokho, na firigisi ikatua kwenye sahani ya yule kijana, mbele ya wanaume watu wazima wa ukoo. Waluhya mnaosoma mnajua uzito wake. Wengine muulizeni jirani.

Kwa kina mama wa maandazi nilichapa karatasi, iko ukutani juu ya mizani: kijiko cha chakula gramu 14, kikombe cha robo lita gramu 228, nusu lita 455, lita 910, mtungi kilo 18.2. Inanakiliwa kwa simu kila siku.

Juzi kijana aliniuliza kuhusu asali, ile inayotoka upande wa msitu na kuuzwa ndani ya chupa za maji za nusu lita. Alikuwa ameshaipima bila kuniuliza: chupa moja, ukiondoa plastiki, gramu 705. Mnunuzi mmoja wa jumla anaichukua kwao akihesabu kila chupa ni nusu kilo. Kijana alikuwa ameandika kwenye kiganja cha mkono, kwa kalamu, 1.41, na chini yake idadi ya chupa ambazo mama yake ameuza tangu Desemba.